Ufunguo Niliouweka Mbele ya Ukoo

Gentille wangu,

Habari za sweta, za karatasi ya kuvukia mpaka na za nani atakupokea Kampala tumezisema mezani hadi ukaanza kunijibu kwa macho. Sizirudii. Ninaandika kwa sababu ya swali uliloniuliza mchana, ulipokuwa ukikunja nguo.

"Mama, ule ufunguo nitaubeba fasi gani? Mu telefone ao mu mashine?"

Nikajifanya sijasikia kwa sababu ya mvua. Mvua haikuwa kubwa kiasi hicho.

Jibu ni kwamba hutaubeba. Sababu yake ni ndefu, na ndani yake mimi si mtu mzuri. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu ulipopata nafasi ya chuo, na kila mara niliishia kukuuliza kama umekula. Basi isome barua hii jikoni kabla ya chai, peke yako, kisha uitie kwenye makaa ya mbabula na ungoje mpaka iwe majivu. Usitoke nayo mlangoni. Utaona kwa nini.

Kazi yangu unaijua. Ninakwenda kambini na mashine, ile kompyuta yangu ya kubeba, ninawasikiliza wanawake wanaotaka yaliyowapata yahifadhiwe, kwa ajili ya siku ambayo mtu atauliza. Sauti zao ninazifunga. Nilikueleza jinsi ukiwa bado na sare ya shule: kuna ufunguo wa kufungia, huo unampa yeyote anayetaka kukuletea siri, hata adui akiuona si neno. Na kuna ufunguo wa kufungulia, huo hautoki kwako. Ulinielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi kwa mwalimu wangu. Ukasema, "Ni kama sanduku ya sadaka. Kila mutu anatiaka, kufungua ni pasta peke."

Nilikusifu. Sikukuambia kwamba wakati huo mimi nilikuwa nimeshauanika ufunguo wa pasta juu ya ukuta wa kanisa.

Unaikumbuka jioni mlima wa moto ulipopasuka. Mbingu ilikuwa nyekundu mpaka kuku wakashuka kwenye matawi wakidhani kumekucha. Wewe ulikataa kuacha maharage, ukaibeba sufuria ikiwa bado ya moto, umeizungushia kitenge changu kizuri, na njia nzima ya Sake watu walikuwa wanakupisha kwa sababu ya ile harufu. Mimi nilikuwa na begi la mashine tumboni kama mjamzito. Tulipochoka tuliketi kando ya barabara, magodoro yakipita juu ya vichwa vya watu, na simu yangu ikaanza kulia bila kukoma. Lilikuwa kundi letu la ukoo, Bana ba Sekuru.

Papa Mukubwa, mzee wa ukoo, alikuwa ametuma sauti: "Kila mutu atume hapa bintu yake ya maana. Nyumba ikiungua, karatasi inabaki mu telefone ya bengine."

Lilikuwa neno la akili, na Goma nzima ilikuwa inafanya hivyo usiku ule. Zikaja picha za diploma, za karatasi za viwanja, za vyeti vya ubatizo, za kadi za kura. Papa Mukubwa mwenyewe akatuma picha ya Gaju, ng'ombe wake wa Masisi.

Janvier, mtoto wa shangazi, akaandika: "Muzee, ng'ombe nayo ni karatasi?"

"Weye nyamaza. Siku moja utaulizwa ile ng'ombe ilikuwa rangi gani, utasema nini?"

Tulicheka mimi na wewe, majivu yakitudondokea kwenye maharage.

Kisha nikafanya nililofanya. Ufunguo wangu wa kufungulia ulikuwa ndani ya mashine tu, na betri ilikuwa inakata roho. Niliogopa wezi wa njiani. Nilitaka kuuhamishia kwenye simu, na uzi wa kuunganisha simu na mashine ulikuwa umebaki nyumbani ukutani. Uzi wa urefu wa mkono, Gentille. Ningekuwa nao, ufunguo ungetoka chombo kimoja ukaingia kingine bila kupita hewani wala machoni pa mtu, na leo ningekuwa nakuandikia habari za sweta.

Badala yake niliwasha intaneti ya simu, nikaiunganisha na mashine, nikauchukua ule ufunguo jinsi ulivyo nikautuma kwenye kundi. Ningeweza kujitumia mimi mwenyewe. Hilo pia lingekuwa kosa, ila lingekuwa dogo. Lakini nilifikiri kama Papa Mukubwa: simu yangu nayo inaweza kuibwa, na kilicho kwa wengi hakipotei. Ni kweli kwa diploma. Ni kweli hata kwa ng'ombe. Ufunguo hauko hivyo. Kila mkono unaoongezeka unaupunguza, mpaka unabaki jina tu. Nikaandika chini yake: "Mutunze hii, ni ya kazi." Shangazi akajibu, "Amina."

Ulikuwa umefungwa kwa neno la siri, ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa jina lako na mwaka uliozaliwa.

Moto haukufika kwetu. Tulirudi tukaikuta nyumba imesimama, na aibu ya kwanza ilikuwa hiyo, kuwa na mlango wa kufungua wakati majirani wa juu walikuwa wanazunguka juu ya mawe meusi wakitafuta mahali ulipokuwa mlango wao. Nikaufuta ujumbe kwenye kundi. Nilijua kuufuta hakusaidii. Simu za ukoo mzima zilikuwa zimeshaumeza, kama zinavyomeza kila picha na kila wimbo wa Jumapili. Nilijua pia dawa. Ufunguo ukishaonekana haufichwi tena, unatupwa: unatengeneza mwingine, unawaambia wote waliokuwa wanatumia ule wa kwanza wauache. Ni kazi ya asubuhi moja.

Sikuifanya, kwa sababu wenzangu wangeuliza kwa nini. Nilikuwa mdogo kuliko wote pale kazini. Nilikuzaa nikiwa bado mwanafunzi, na tangu hapo nilikuwa najisikia kama mtu anayetembea katikati ya kanisa huku wote wakingoja ajikwae. Halafu mimi ndiye niliyewafundisha wale wakubwa kwamba ufunguo hautumwi, hata kwa barua pepe. Ningesimama vipi kuwaambia kwamba nimeuweka wangu kati ya ng'ombe na vyeti vya ubatizo? Nikajiambia: na nani katika ukoo wa wafugaji atajua kile ni kitu gani? Ninakuandikia sentensi hiyo ilivyokuwa moyoni mwangu. Nilipewa shule na ukoo ule, kwa maziwa ya ukoo ule, na nikautumia ujinga niliodhani wanao kama kufuli.

Vita vikarudi. Barabara ya Rutshuru ikajaa watu, Kanyaruchinya ikawa mahema juu ya mawe, na mimi nikaanza kwenda kule na mashine. Ndipo nilipomsikia Mama Riziki. Wewe unamjua kama jirani yetu wa ng'ambo ya ua, wa mandazi na wa utani. Mimi nilimjua kwanza kama sauti.

Kabla ya kusema neno aliniuliza, "Hii sauti yangu, nani atasikia?"

"Mimi tu, mpaka siku wewe mwenyewe utakubali wengine."

"Apa."

"Naapa, mama."

Akasema. Alimtaja mtu wa Kalengera, kijiji chake, aliyekuwa anawapitisha wenye silaha mlango kwa mlango na kuwaonyesha wa kugonga na wa kuacha. Alisema polepole, huku akivunja kijiti vipande vidogo. Alipomaliza, niliifunga ile sauti kwa ufunguo uleule. Ningependa kukuandikia kwamba nilisita. Sikusita. Nilikuwa nimeshazoea.

Baadaye mashine ilikufa, kwa vumbi la kambini nadhani. Nikampelekea Janvier sokoni, kwenye meza yake ya kutengeneza simu na mashine. Kwetu hupiti mbele ya meza ya mtoto wa shangazi yako ukiwa na kitu kibovu, ukakipeleka kwa mgeni. Hata kama ndani yake kuna sauti za watu, ungemwambia nini shangazi? Aliitengeneza vizuri. Na kama anavyowafanyia wateja wote, alinakili kwanza kila kilichokuwa ndani, kisipotee.

Tulikutana tena kwenye ubatizo wa mtoto wa Papa Mukubwa, ule ambao wewe uliimba. Nilikuwa napanga sahani. Akaja nyuma yangu anacheka.

"Dada, bafishie ya mu mashine yako iko nguvu kufungua! Nilihangaika. Mpaka nikakumbuka kile kitu ulitumaka mu kundi siku ya volkano."

"Na neno la siri?"

"Aa! Mama yote ya Goma anafungaka na jina ya mutoto. Ilifunguka mbio."

Alikuwa anangoja nimsifu, Gentille. Uso wake ulikuwa kama wako siku ya sanduku la sadaka.

"Ulisikiliza?"

"Moja tu. Ile mama wa Kalengera. Nilisikilizisha rafiki yangu mumoja wa kule, nimuulize kama anamujua."

"Na anamjua?"

"Anamujua muzuri."

Mama Riziki wakati huo alikuwa ametoka kambini na kurudi Kalengera kuvuna maharage, kwa sababu watu walisema kumetulia. Neno lilifika kabla ya mimi kupata namna ya kumtumia habari. Wenye silaha walimjia jioni. Yeye alitokea nyuma akaingia kwenye mtama bila kitu mkononi. Kaka yake alibaki mlangoni kubishana nao ili apate nafasi ya kwenda mbali, wakamvunja mkono. Ndio ule mkono ambao wewe uliwahi kuniuliza kwa nini haunyooki. Shamba lile Mama Riziki hajaliona tena. Mtu aliyemtaja yupo, na wenzake ndio wanaosimamisha magari barabarani. Ukiondoka utapita mbele yao. Wanashika simu za vijana, wanafungua, wanatazama. Sasa unaelewa kwa nini simu yako inatoka tupu, na kwa nini hata karatasi hii isitoke.

Mama Riziki alipofika Goma nilimtafutia chumba kwenye ua wetu. Wewe ulisema Mama ana moyo. Pasta alinitaja kanisani kama mfano, akasema wenye kusoma waige. Nilitazama viatu vyangu mpaka wimbo uliofuata.

Nilitengeneza ufunguo mpya siku ileile ya ubatizo, ndiyo, nikazifunga upya sauti zote, na neno la siri likawa la maneno mengi yasiyohusiana, hakuna mtoto wa mtu ndani yake. Janvier alifuta nakala zake mbele yangu, akilia. Naye hajawahi kumwambia mtu ufunguo aliupata wapi, na sikumlaumu kwa sauti, kwa maana nilichokuwa nacho cha kumlaumu kilikuwa changu. Kazini nilisema mashine ilikufa kwa hiyo nabadilisha ufunguo. Wakaitikia, wakarudi kwenye chai yao. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Ufunguo mpya unalinda ya kesho, mwanangu. Hauwezi kulifunga sikio lililokwisha kusikia.

Jana ulipokuwa umekaa katikati ya magoti yake anakusuka, nami nimeshika kitana, ulimsikia.

"Mama Gentille, mutoto anaenda kusoma, weye unafanya uso ya mbuzi ya kuuzwa. Ni nini?"

"Ni moshi," nikasema.

"Moshi wapi? Mbabula imezimika tangu asubuhi!" Ukacheka, naye akakugonga kichwani na kidole. "Tulia weye, nitakupindisha njia ya nywele, bazungu ba Kampala bakucheke."

"Kampala hakuna bazungu, Mama Riziki!"

"Basi batakuwa banakuya kukuona."

Kisha, katikati ya msuko, akasema lile analolisema kila mara maharage mapya yakifika sokoni. "Miye sijue nani alinisemaka. Mungu anamujua. Miye namuachia Mungu." Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. Nikampa kitana.

Hilo ndilo ninaloishi nalo. Ninampa kitana, ninampa chumvi, ninampa chumba. Nimempa kila kitu isipokuwa kile anachokitafuta.

Sasa kuhusu ufunguo. Najua unauomba kwa nia njema. Uliona jinsi mji ulivyogeuka, uliona mashine za watu zikichukuliwa, na ukasema nakala ikae nje, kwako, ili sauti hizi zisipotee nami. Ni neno la akili, kama lilivyokuwa la Papa Mukubwa. Kwa hiyo sikiliza namna yake.

Ufunguo hauvuki mpaka wa Bunagana mfukoni mwa mtu. Ukishafika, ukishapata mashine yako ya chuo, ambayo hakuna mwingine anayeigusa, tengeneza wako mwenyewe. Ule wa kufungulia uzaliwe humo na ukae humo. Nitumie ule wa kufungia tu, kwa njia yoyote, hata kwenye kundi ukitaka, shangazi ataitikia Amina. Mimi nitauchukua wangu niufungie ndani ya wako, na ukiwa umefungwa hivyo unaweza kupita mikono yote ya dunia, hakuna wa kuufungua ila wewe; na sauti, zilivyofungwa, zitaufuata. Lakini kabla sijafunga, utanipigia simu na kunisomea alama za ufunguo wako, moja baada ya nyingine. Usiniandikie, nisomee. Maandishi yanaweza kuwa ya yeyote, ila namna unavyovuta pumzi kabla ya namba ngumu naijua tangu ulipokuwa unajifunza kuhesabu. Alama moja ikipishana, tunaacha, tunaanza upya, na hakuna anayeona haya. Nataka tufanye hivyo daima, mimi na wewe: anayekosea aseme siku ileile, huku kosa bado ni dogo na linaweza kuoshwa kwa asubuhi moja. Mimi nililiweka mpaka likaota mkono usionyooka.

Na siku utakuwa na mtoto, usimfanye neno la siri. Mwite tu kwa jina lake.

Hata hivyo, nilipofika hapa kalamu ilisimama. Nimekueleza jinsi ya kuuhamisha kana kwamba ni juu yangu kuamua uhame. Ndani ya sauti zile imo ile ya Kalengera. Niliapa ingesikiwa na mimi tu mpaka yeye akubali. Sijawahi kumuuliza kama ipelekwe nje ya nchi, kwa msichana ambaye yeye mwenyewe alimsuka. Siwezi kumuuliza hilo bila kumwambia lile jingine, kwa maana atauliza, kama alivyouliza mara ya kwanza, "Nani atasikia?" na jibu la kweli linaanza na nani alikwisha kusikia.

Kwa hiyo, unaposoma hapa, mimi nipo ng'ambo ya ua, chumbani kwake. Nimekuachia chai kwenye termosi. Nilifikiri kungoja mpaka gari lako liondoke, nikaona kwamba ningekuwa naiba tena: angekuaga na kukubariki kama mtoto wa rafiki, bila kujua. Sitaki uondoke na baraka ya kuibiwa.

Sijui atasema nini. Anaweza kutaka sauti yake ifutwe, na nitaifuta mbele yake. Anaweza kutaka niende kusema kazini, na kanisani, na kwa kaka yake, na nitakwenda. Anaweza kuhama. Anaweza kunipiga; ana mikono yenye nguvu, wewe unajua. Mlango wake ukifunguka naye akatoka kukuaga, mwache akuage jinsi atakavyoweza, usimwombee mama yako msamaha, hilo si lako kulibeba. Asipotoka, usigonge. Chukua mzigo, dereva anakujua.

Nitakupigia ukishavuka. Nikikuambia utengeneze ufunguo wako unisomee alama, ujue amekubali. Nikikuuliza tu kama umekula, ujue amekataa, na tusiuzungumze tena.

Tia hii kwenye makaa sasa. Na njiani, hata zikikubana, hata vumbi la Rutshuru likiziingia, usizifumue nywele zako mpaka ufike. Alizisuka kabla hajajua.

Mama yako